Ramani ya Vyoo

Kuna watu wanaoijua Kisumu kwa baa zake, na wengine wanaijua kwa samaki. Mimi naijua kwa vyoo. Ukiwa popote kati ya Kondele na Dunga, niulize, nitakuambia choo kilicho karibu kiko wapi, kinalipiwa pesa ngapi, kama kina maji, kama mlango unafungika, na kama mwenye funguo ni mtu wa kubembelezwa au wa kupigiwa kelele. Stejini, uwe na sarafu mkononi, usiende na noti, kwa sababu hutakuwa na muda wa kungoja chenji. Barabara ya Oginga Odinga kuna hoteli mbili ambapo mlinzi hakuulizi kitu bora uingie ukitembea kama mtu anayesubiriwa ndani. Kibuye siku ya Jumapili, usijaribu. Dunga, kabla hujaagiza ngege, uliza kwanza.

Ramani hii sikuichora kwa kupenda. Ilianza nikiwa mwaka wa tatu chuoni, asubuhi moja, nilipoona damu chooni na haikuwa ya mwezi. Nikajiambia ni pilipili. Wiki mbili baadaye nilikuwa naenda mara kumi kwa siku, na usiku naamka mara tatu, kwenye hosteli ambayo ghorofa nzima ilikuwa na vyoo viwili na maji yanapotea saa tatu. Tumbo lilikuwa likinikata kabla na kunikata baada. Darasani nilikaa karibu na mlango. Kisha mtihani ukafika. Msimamizi akatangaza kwamba ruhusa ya kutoka ni mara moja. Nilitoka mara nne, na kila nikirudi alinitazama kama mtu aliyeficha karatasi kwenye sidiria. Mara ya tano sikurudi. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha chuo huwa nasema karo. Karo ni jibu ambalo kila mtu analielewa.

Ukiharisha damu kando ya ziwa hili, hakuna anayeshangaa. Kuna amiba. Kuna taifodi. Kuna kichocho, maana sisi tulikua tukiogelea kwenye maji yale yale wanamoishi konokono wake, na kichocho cha huku kwetu hushika utumbo, si kibofu kama kile cha Pwani. Kwa hiyo kila kliniki niliyoingia ilikuwa na jibu tayari kabla sijakaa vizuri. Nilimeza Flagyl mpaka ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Nilimeza prazikwanteli nikashinda siku nzima nimeshika ukuta kwa kizunguzungu. Kliniki moja ilinipima taifodi kwa kipimo cha Widal mara tano, na mara zote tano nikawa nayo. Siku hizi najua kwamba kipimo hicho hutafuta alama zinazoachwa na kinga ya mwili kwenye damu, na mtu aliyekulia huku anaweza kuwa nazo hata kama haumwi. Wakati huo nilijua tu kwamba nimedungwa sindano nyingi na damu bado inatoka.

Halafu nikakonda. Kutoka kilo 62 mpaka 45. Sasa, kukonda kwingine ni kukonda, lakini kukonda Nyanza ni taarifa. Kaunti zetu za ziwani ndizo zilizobeba mzigo mkubwa zaidi wa ukimwi nchini, kila familia imezika, na kila mtu zaidi ya miaka thelathini anajua kusoma mifupa ya shingo ya mwenzake. Hakuna aliyeniambia kitu. Walipunguza sauti tu nikipita. Nilipimwa virusi mara nne, mara zote nne sina, lakini karatasi ya majibu huwezi kuivaa shingoni ukienda dukani. Wayo, dada ya baba, alimvuta Mama pembeni akamuuliza ni mwiko gani tuliovunja nyumbani. Alimaanisha chira. Kwa sisi Wajaluo, chira ndiyo humla mtu polepole mpaka abaki mifupa, na miaka ile ukimwi ulipoingia, wengi walizikwa chini ya jina hilo. Mama alirudi ndani, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Daktari aliyenisaidia alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Aliuliza swali ambalo wengine hawakuniuliza: "Hii kitu imekaa muda gani?" Nikamwambia miezi kumi na minne. Akaweka kalamu chini.

Nilipigwa kolonoskopi. Siku iliyotangulia unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita baada ya lita, mpaka unachotoa kinafanana na ulichokunywa. Kwa mtu kama mimi ilikuwa siku ya kawaida. Kesho yake wakapitisha mpira mwembamba wenye kamera, wakakata vipande vidogo vya nyama na kuvipeleka maabara. Walitaka pia kuhakikisha si kifua kikuu cha tumbo. Kinaweza kufanana sana na magonjwa ya aina hii, na dawa ambazo zingefuata hushusha kinga. Ukimpa mwenye TB dawa hizo, unamwagia moto mafuta.

Majibu yalipotoka, daktari alinichorea utumbo nyuma ya karatasi ya risiti. Kolaitisi ya vidonda, alisema. Kinga ya mwili wangu inashambulia ukuta wa ndani wa utumbo mpana, kuanzia chini kabisa kwenye rektamu na kupanda juu. Ina ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza na wenzake wawili mwaka 1932. Huo unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa safari, na huchimba ukuta mzima wa utumbo. Wangu unakaa kwenye utumbo mpana pekee. Alisema hivyo kama habari njema. Baadaye ndipo nilielewa kwa nini.

"Nilikula nini?" nikamuuliza.

"Hukukula kitu. Na hujakosea mtu."

Nilipomweleza Mama, alinyamaza kisha akauliza, "Sasa nyathina, ugonjwa wa wazungu wewe umeutoa wapi?"

Swali hilo si la kijinga. Watu waliosoma waliliuliza kabla yake, tena ng'ambo tu ya ziwa letu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakaenda maelfu ya maili, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ili kuchora ramani ya saratani ya taya za watoto. Saratani hiyo leo ina jina lake. Baadaye, akiwa London, akahamia kwenye vinyesi. Sifanyi mzaha. Aliandikia hospitali za misheni barani kote kuuliza wanaona magonjwa gani na hawaoni yapi, na mwaka 1972 alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliolinganisha uzito wa choo na muda chakula kinaochukua kupita tumboni. Yeye na Hugh Trowell, ambaye pia alifanya kazi Mulago, wakasema kwamba magonjwa mengi ya utumbo yanayowasumbua Wazungu ni haba Afrika kwa sababu tunakula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Kolaitisi nayo ikahesabiwa kuwa ya huko.

Nimelelewa na chakula cha Burkitt. Kuon ya mtama iliyochanganywa na muhogo, apoth, dek, osuga, omena. Mkate mweupe ulikuwa wa Krismasi. Na bado. Simlaumu Burkitt, maana hesabu ya watu wengi haimkingi mtu mmoja. Lakini nadhani kuna ugonjwa ambao ni haba, na kuna ugonjwa ambao hauonekani kwa sababu hakuna aliyeleta kamera. Mwaka 1966, jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha ripoti fupi juu ya Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda. Wanne. Mimi huwafikiria hao watu. Nataka kujua walienda choo gani.

Matibabu yenyewe ni ngazi, na kila kidato kina bei yake.

Cha kwanza kilikuwa sulfasalazini. Nanna Svartz, daktari wa Sweden, aliitafuta kwa ajili ya wagonjwa wa maumivu ya viungo, na kufikia miaka ya 1940 ilikuwa imeonekana inawasaidia wagonjwa wa utumbo. Kidonge hicho ni dawa mbili zilizofungwa pamoja. Kinapita tumboni bila kufunguka mpaka kifike utumbo mpana, na huko bakteria ndio wanaokifungua. Nilimeza vinane kwa siku, na vidonge vya foliki juu yake. Mkojo ukawa rangi ya Fanta. Kuna dawa mpya zaidi ya ukoo huo, mesalazini, isiyosumbua kichwa na tumbo sana, lakini kwenye kemisti nilipouliza bei nilisema nitarudi, na mhudumu alijua sitarudi.

Cha pili kilikuwa prednisoloni. Nataka kuwa mkweli hapa: prednisoloni ni muujiza. Mwaka 1955, Truelove na Witts wa Oxford walitangaza matokeo ya jaribio la kotizoni kwa wagonjwa zaidi ya 200 wa kolaitisi, na waliopewa dawa walipata nafuu zaidi na kufa wachache kuliko wasiopewa. Kidonge changu ni mjukuu wa dawa hiyo. Nilianza na miligramu 40. Siku ya nne damu ikakauka. Siku ya sita nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu chuoni, nikaamka nikadhani nimekufa.

Halafu uso ukavimba. Mashavu yakawa kama maandazi. Nikawa na njaa ya mtu aliyetoka jela, nikawa sipati usingizi tena, natembea nyumbani saa tisa usiku nikipanga sufuria. Na mtaa wa Nyalenda ukafurahi. "Umenona! Mungu ni mwema!" Wale waliokuwa wakishusha sauti sasa walipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Wayo alinikumbatia kanisani. Wote walikuwa wameamua kwamba nimeanza ARV na zimenikubali. Yaani nilipougua niliitwa mgonjwa wa kitu nisichokuwa nacho, na dawa iliponivimbisha nikapongezwa kwa kupona kitu kile kile. Nilisema asante. Ungefanya nini?

Shida ni kwamba prednisoloni haifai kuwa nyumba, ni daraja tu. Inakula mifupa, inapandisha sukari, na huwezi kuiacha ghafla kwa sababu mwili huwa umesahau kutengeneza ya kwake. Unashuka taratibu, miligramu tano kila wiki. Kila nilipofika 15, damu ilirudi. Tukapanda tena, tukashuka tena. Mara tatu.

Wakanijaribu na azathioprini, inayotuliza kinga polepole, kwa miezi, huku ukipimwa damu mara kwa mara isije ikamaliza chembe nyeupe. Mimi ilinitapisha mpaka nikaacha. Kidato kilichofuata ni infliksimabu, ambayo Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998. Inaingizwa kwenye mshipa: leo, baada ya wiki mbili, wiki ya sita, kisha kila wiki nane bila kujua mwisho. Bei niliyotajiwa ya dozi moja ingenilipia kodi ya nyumba kwa zaidi ya mwaka.

Tulifanya harambee. Binamu yangu alifungua kundi la WhatsApp. Hapo nikagundua kwamba ugonjwa usio na jina mtaani hauchangiwi. Saratani watu wanatoa. Figo watu wanatoa. "Matatizo ya utumbo" watu wanauliza, "Ni vidonda vya tumbo? Amejaribu maziwa?" Ikabidi niandike mwenyewe, na mimi kazi yangu ni kuandika. Huwa naandika makala za watu wengine, za mikopo na nywele, kwa malipo ya kila maneno elfu. Nikaandika: naenda haja kubwa mara kumi na mbili kwa siku, ni damu, na sina ukimwi. Nikabonyeza kutuma kabla sijaogopa. Kundi likakaa kimya dakika ishirini. Kisha M-Pesa ikaanza kulia. Tulipata pesa za dozi mbili. Zilisaidia. Ya tatu hatukuifikia.

Mwezi wa nne mwaka jana nililazwa. Homa, moyo unaenda mbio, choo zaidi ya mara kumi na tano. Nilipewa haidrokotizoni kwenye mshipa. Wauguzi walikuwa wakihesabu choo changu kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani, saa na rangi, na nikajua kuna hesabu inayofanywa ambayo sijaambiwa. Niliuliza. Daktari wa upasuaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akakaa kitandani.

"Tunakupa siku tatu," alisema. "Dawa ikishindwa kufikia siku ya tatu, hatuongezi tu tukingoja. Utumbo unaweza kupasuka. Tutautoa."

Siku ya tatu nilienda mara tano. Nikalia kwa furaha. Yeye hakulia.

"Umepona hii," akasema. "Ijayo inaweza kuwa usiku, umekonda, una homa, na hakuna wa kukuuliza. Sasa hivi unaweza kuchagua. Wenzangu wa dawa wanatafuta amani na huo utumbo. Mimi kazi yangu ni kuutoa."

Ndipo nikaelewa kwa nini yule kijana alisema yangu ni habari njema. Crohn ukiikata hapa inaweza kuibuka pale. Kolaitisi, ukiutoa utumbo mpana wote na rektamu, inakosa pa kukaa. Mwisho wa utumbo mwembamba unatolewa kupitia tumboni, na choo kinaingia kwenye mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Zamani tundu hilo lilikuwa likichoma ngozi ya watu. Mwaka 1952 Bryan Brooke, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alieleza jinsi ya kuugeuza mwisho wa utumbo nje-ndani, kama unavyokunja mkono wa shati, ili choo kidondokee mfukoni badala ya kutambaa kwenye ngozi. Mwaka 1978, Parks na Nicholls wa London wakaeleza njia ya kushona kifuko ndani ya nyonga kutokana na utumbo mwembamba, mtu akaweza tena kwenda haja kwa njia yake. Lakini upasuaji wa ndani ya nyonga unaweza kumpunguzia mwanamke nafasi ya kushika mimba. Mimi nina miaka 26. Kwa hiyo alipendekeza tutoe utumbo mpana, rektamu ibaki kwanza ikichunguzwa, nitumie mfuko, na mengine niamue baadaye nikiwa na nguvu.

Nilisema hapana. Nilisema hapana kwa miezi mitano.

Sababu nilizotoa zilikuwa za busara: bei ya mifuko, maji ya Nyalenda, choo cha nje tunachoshiriki nyumba sita. Sababu yenyewe ilikuwa moja tu. Nilimwona mwanamume akinivua nguo na kukuta mfuko wa mavi. Sikuona zaidi ya hapo.

Muuguzi mmoja akaniunganisha na mama anayeuza omena Kibuye. Yeye utumbo wake ulikatwa kwa sababu nyingine, miaka saba iliyopita, na alikuwa ameniruhusu nimtembelee kazini. Nilimkuta nyuma ya rundo la omena, leso imefungwa kiunoni, akibishana bei na wateja wawili kwa wakati mmoja. Nilimtazama tumboni nikijificha. Hakuna kilichoonekana. Hakuna kilichonuka isipokuwa omena.

Nilimuuliza maswali yangu yote. Akajibu moja moja, bila haraka, kama mtu anayepima debe. Mfuko anaumwaga choo kama mtu mwingine yeyote, mara tano sita. Maji anakunywa mengi, na siku za jua kali anachanganya chumvi na sukari, kwa sababu utumbo mpana ndio uliokuwa ukirudisha maji na chumvi mwilini na yeye hana tena. Mfuko umewahi kufunguka? Umewahi, ndani ya matatu ya Ahero. Alifanya nini? "Nilishuka nikanunua leso nyingine." Mume? "Yupo. Analalamika juu ya mambo mengine."

Tulikaa tangu saa mbili asubuhi. Mwendo wa saa nane nilikuwa nimeshaenda choo mara tano, kile cha kulipia, na kila mara nikirudi alikuwa ameketi pale pale. Mara ya sita nilipoinuka, akanishika mkono.

"Mimi nitakaa hapa mpaka jioni," akasema. "Wewe je, nyathina, unaweza?"

Sikumjibu, nilikuwa nakimbia.

Upasuaji ni Jumatano ijayo. Naogopa. Naogopa dawa ya usingizi, naogopa kovu, naogopa huyo mwanamume niliyemwona kichwani ingawa bado sijakutana naye. Na prednisoloni, ambayo huchelewesha vidonda kupona, imeshushwa kadiri wanavyoweza, kwa hiyo damu imerudi na mashavu yameanza kuondoka. Mtaani wameshaona. Sauti zimeanza kushuka tena nikipita.

Jana daktari alinitia alama. Hawachagui mahali pa tundu ukiwa umelala tu. Aliniambia niketi, niiname, nisimame, nifunge leso yangu ninavyoifunga siku zote, ili mfuko usije ukakaa kwenye mkunjo au chini ya fundo. Nikaiona mwenyewe sehemu inayofaa kabla yake, nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka alama ya kalamu nyeusi, upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu, akaniambia nisiisugue nikioga.

Usiku nilimwonyesha Mama. Aliwasha tochi ya simu, akainama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni ya nini?"

"Hapo ndipo choo kitakuwa."

Mama akazima tochi. Nilidhani analia. Kisha nikasikia mabega yake yakitikisika gizani, na akasema, "Basi angalau hutauliza mtu njia."